Tupandikize, turudishe majini au tufunge uvuvi?

Swali. Msomaji aliye kwenye kamati ya chama cha wavuvi wa burudani anaeleza kwamba chama chao kinatumia kipande cha mto pamoja na bwawa dogo, na kwamba samaki wakubwa wa asili wamekuwa adimu. Wanachama wamegawanyika. Wako wanaotaka kupandikiza samaki mkubwa wa kigeni anayevuta mshipi kwa nguvu. Wengine wanasema yatosha kila mtu kumrudisha majini samaki aliyemnasa. Waliobaki wanataka uvuvi ufungwe. Anauliza: "Nani ana hoja, na tufanye nini ili tuendelee kuvua bila kuumaliza mto?"

Jibu. Ndugu yangu, makundi yote matatu yanazungumza juu ya wavuvi: wafurahi vipi, wajizuie vipi, waondoke lini. Mimi ningeanza na samaki. Ni samaki gani walio wenyeji wa mto huo? Wanataga wapi na mwezi gani? Vifaranga vyao hujificha wapi? Inawachukua miaka mingapi hadi kufikia umri wa kuzaa? Kamati ikikaa na maswali hayo kwanza, sehemu kubwa ya ubishi wenu itaisha, kwa sababu kila kanuni ya uvuvi iliyowahi kufaa mahali fulani ilitokana na maisha ya samaki wa mahali hapo.

Nianze na pendekezo la kupandikiza, maana ndilo lenye kosa lisilorudi nyuma. Mkivua kupita kiasi mwaka huu, mnaweza kupunguza mwakani na samaki wakaongezeka. Mkikanyaga ukingo, majani yataota tena. Lakini samaki mgeni akishazaliana mtoni hakuna kikao kitakachomtoa. Jibu langu ni hapana, na ningeomba liandikwe kwenye muhtasari wa kikao kabla ya kufungua ajenda nyingine.

Mwaka 2000 wataalamu wa viumbe vamizi wa IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, walitoa orodha ya viumbe vamizi 100 walio miongoni mwa wabaya zaidi duniani. Samaki humo wako 8. Trauti wa kahawia, trauti wa upinde wa mvua na besi wa mdomo mkubwa wamo, na hao watatu walisambazwa nchi nyingi kwa sehemu kubwa ili wavuvi wa ndoano wapate cha kushindana nacho. Sangara naye yumo. Aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na idadi yake ilipolipuka miaka ya 1980, mamia ya spishi za furu zilipungua vibaya au kutoweka kabisa. Uchafuzi wa maji ulichangia, na ni kweli pia kwamba sangara alizaa biashara kubwa. Lakini ninyi hamna biashara ya kuweka kwenye mizani. Mnacho kitu cha kupoteza tu.

Mfano ninaoupendelea zaidi ni wa Ziwa Yellowstone, Marekani, kwa kuwa unaonyesha jinsi madhara yanavyotoka majini yakapanda nchi kavu. Ziwa hilo lina trauti wake wa asili, mwenye michirizi myekundu chini ya taya, ambaye hupanda vijito vidogo ili kutaga. Huko kwenye kina kifupi dubu, tai na fisimaji walimngoja kila msimu. Mwaka 1994 akagunduliwa humo trauti wa aina nyingine, aitwaye trauti wa ziwani, ambaye hakuwa wa ziwa hilo. Mgeni huyu huwala wenyeji, tena hutaga humo humo ziwani na hukaa kwenye kina kirefu. Wenyeji walipopungua, wanyama wa nchi kavu hawakupata samaki mbadala, kwani aliyechukua nafasi hapandi vijito. Tangu wakati huo zaidi ya samaki milioni 4 wa kigeni wameondolewa kwa nyavu, na kazi haijaisha. Mvuvi wa burudani amepewa sehemu yake katika kazi hiyo: akimnasa trauti wa ziwani sharti amuue, akimnasa mwenyeji sharti amrudishe majini akiwa hai. Hapo mtu hawezi kuitii sheria bila kuwatambua samaki wenyewe, na ndiyo maana naipenda.

Kuhamisha samaki kunahitaji ndoo moja na mtu mmoja asiyeomba ruhusa. Kwa hiyo kanuni yenu isiishie kwenye upandikizaji rasmi. Chambo hai kisitoke kwenye maji mengine, na kilichobaki kisimwagwe mtoni hata kama mtu anaona huruma. Samaki wa mapambo nao wasiachiwe bwawani. Viatu, nyavu za mkono na mitumbwi vikaguliwe, visafishwe na kukaushwa kabla ya kuhamia maji mengine. New Zealand ilijifunza hilo baada ya mwani aitwaye didimo, unaotandaza blanketi zito juu ya mawe ya mto, kugunduliwa huko mwaka 2004. Nchi hiyo ilifika hadi kupiga marufuku viatu vya kuingilia majini vyenye soli za sufu iliyoshindiliwa, kwa sababu soli hizo hubaki na unyevu na kubeba chembe za mwani kutoka mto hadi mto.

Najua swali litakalofuata: je, tukipandikiza vifaranga vya aina yetu wenyewe kutoka kwenye vituo vya kuzalishia? Hapa nawasihi mwende polepole. Jimbo la Montana, Marekani, lilipanda trauti mitoni kwa miaka mingi. Mwanabiolojia Dick Vincent alipolinganisha sehemu zilizopandwa na zisizopandwa, hasa kwenye Mto Madison, aliona kwamba trauti waliozaliwa mtoni waliongezeka pale upandaji uliposimamishwa. Mwaka 1974 Montana ikaacha kupanda samaki kwenye mito yenye trauti wanaojizalia wenyewe, na leo ni miongoni mwa sehemu zinazosifiwa sana na wavuvi wa ndoano duniani. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2007 juu ya trauti wanaohamia baharini katika Mto Hood, Oregon, ulionyesha kwamba uwezo wa kuzaa watoto wanaofika utu uzima mtoni hupungua kwa takriban asilimia 40 kwa kila kizazi kinacholelewa kituoni. Samaki wa kituoni hujifunza kuishi kituoni. Akiingia mtoni hula chakula na kushika nafasi, kisha huchangia kizazi dhaifu.

Ninyi mna samaki wanaozaliana bado, hata kama ni wachache. Tafuteni kwanza kinachowazuia kuongezeka. Mkipanda vifaranga juu ya mto wenye mazalia yaliyoharibika, mtakuwa mnapanda kila mwaka milele.

Nije kwa ndugu zetu wanaosema yatosha kuwarudisha samaki majini. Nia yao ni safi na nawaheshimu, ila samaki aliyeondoka akiogelea hajathibitisha kwamba atafika kesho. Mapitio ya tafiti 53 yaliyochapishwa mwaka 2005 yalikuta kwamba vifo baada ya kuachiliwa vilikuwa wastani wa asilimia 18, huku vikitofautiana mno kati ya utafiti na utafiti: pengine karibu hakuna aliyekufa, pengine walikufa wengi wa kutisha. Tofauti hiyo ndiyo yenye tumaini, kwa sababu sehemu yake kubwa iko mikononi mwa mvuvi.

Jambo la kwanza ni mahali ndoano iliponasa. Samaki aliyenaswa mdomoni hupona kwa urahisi. Aliyemeza ndoano hadi kooni au aliyechanwa matamvua mara nyingi hufa. Chambo halisi humezwa ndani zaidi kuliko chambo cha bandia. Ndoano ya mviringo, ambayo ncha yake imegeuzwa kuelekea shina, huelekea kunasa pembeni mwa mdomo, mradi mvuvi asivute kwa kishindo bali akaze mshipi taratibu. Ndoano zenu zisiwe na ule ukucha mdogo unaorudi nyuma karibu na ncha. Ubonyezeni kwa koleo hadi ulale. Samaki akiwa amemeza ndoano kabisa, kata mshipi karibu na mdomo umwachie, usichimbe.

Jambo la pili ni hewa. Mwaka 1992 watafiti wawili nchini Kanada, Ferguson na Tufts, waliwachosha trauti maabarani kama wanavyochoshwa na mshipi, kisha wakawatoa majini. Waliochoshwa tu bila kutolewa majini, asilimia 12 walikufa ndani ya saa 12. Waliokaa hewani sekunde 30, asilimia 38. Waliokaa sekunde 60, asilimia 72. Samaki hao walikuwa na vifaa vya kupimia mwilini, kwa hiyo sidai kwamba mtoni mambo huwa vivyo hivyo, lakini mwelekeo wake hauna shaka. Nje ya maji vijitando vya matamvua hugandamana na damu haipati oksijeni, wakati huohuo misuli ikiidai kuliko wakati wowote. Sekunde 60 ni muda wa kumtafuta mwenzako, kumpa simu, na kupiga picha mbili. Picha ipigwe samaki akiwa ndani ya wavu uliozama, mikono ikiwa imelowa ili ute unaomkinga usitoke, na kama ni lazima ainuliwe basi iwe kwa muda wa pumzi moja.

La tatu ni joto la maji, na hili husahaulika kuliko yote. Maji ya nyuzi 10 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba kama miligramu 7.5. Kadiri maji yanavyopata joto, mwili wa samaki nao huhitaji oksijeni zaidi, kwa hiyo anabanwa pande zote mbili. Montana ina utaratibu wa kufunga uvuvi kuanzia saa 8 mchana hadi saa 6 usiku kwenye mito ambayo joto limefika takriban nyuzi 23 kwa siku tatu mfululizo. Kipimo hicho ni cha trauti, ambao ni samaki wanaopenda maji yenye ubaridi. Wa kwenu huenda wanavumilia zaidi au chini ya hapo. Ulizeni idara ya uvuvi au chuo kilicho karibu kiwango cha spishi zenu, nunueni kipimajoto, mkitundike mahali ambapo kila mvuvi atakiona kabla ya kutupa ndoano.

Kama bwawa lenu lina kina kirefu, kuna tatizo jingine. Samaki anayepandishwa haraka kutoka chini hutanuka kibofu cha hewa hadi macho hutokeza na tumbo kupanda mdomoni. Hawezi kurudi chini, hubaki akielea juu ya maji hadi ndege amchukue. Kwa kina kama hicho ni afadhali kutovua kabisa kuliko kuvua kwa nia ya kumwachia.

Sasa, je, mvuvi asichukue samaki hata mmoja nyumbani? Mimi siko upande huo. Pale idadi inaporuhusu, kuchukua wachache ni halali na kunamfunga mtu kwenye mto wake. Suala ni yupi achukuliwe. Desturi ya zamani ni kuweka urefu wa chini: mdogo arudishwe, mkubwa abebwe. Kanuni hiyo huwaacha vijana wazae angalau mara moja, lakini huwaondoa wale wazazi wakubwa ambao mto unawategemea. Mayai hayaongezeki sawasawa na uzito. Utafiti wa mwaka 2018 uliopima spishi nyingi za baharini ulionyesha kwamba samaki kodi jike wa Atlantiki mwenye kilo 30 hutaga mayai zaidi ya majike 28 wa kilo 2 wakijumlishwa. Basi yule samaki mmoja ambaye kila mwanachama anaota kumpiga picha na kwenda naye nyumbani ndiye hasa asiyepaswa kuondoka majini.

Australia walifanyia kazi jambo hili kwa samaki mkubwa wa Mto Murray. Tangu mwaka 2014, katika majimbo ya New South Wales na Victoria, anayeruhusiwa kuchukuliwa ni mwenye urefu wa sentimita 55 hadi 75 tu. Aliye chini na aliye juu ya hapo hurudishwa. Aidha miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba, anapozaa, kwa kawaida havuliwi. Muundo huo wa mipaka miwili pamoja na msimu wa mapumziko unafaa mahali pengi, ila tarakimu zake msizinakili. Zitoeni kwenye samaki wenu: urefu anapoanza kuzaa, kisha mpe nafasi ya kuzaa zaidi ya mara moja kabla mlango wa kumchukua haujafunguka.

Nimesema mengi juu ya ndoano, na hapo nina wasiwasi, kwa sababu chama kinaweza kutunga kanuni kamilifu za ndoano huku mto ukifa kwa mambo mengine. Duniani kote, idadi za samaki wa maji baridi (yasiyo ya chumvi) wanaohama zinazofuatiliwa zimeshuka kwa wastani wa asilimia 81 tangu mwaka 1970, na mabwawa yanayofunga njia, uharibifu wa makazi na uchafuzi vimechangia pakubwa. Kwa hiyo tembeeni mto wenu kwa miguu, kipande chote, msibebe fimbo za kuvulia siku hiyo. Angalieni tope linaingilia wapi. Angalieni kama ukuta wa bwawa una njia ya samaki kupita, na kama mto unabakiwa na maji ya kutosha wakati wa kiangazi.

Kingo zilizofyekwa ili watu watupe ndoano kwa raha zirudishiwe miti yake, mkiacha vinjia vichache tu. Kivuli hupooza maji, mizizi hushika udongo, na wadudu wanaodondoka kutoka kwenye majani ni chakula. Miti iliyoangukia majini, ile inayowakasirisha kwa kukata mishipi, iacheni. Vifaranga huishi humo. Kama kuna pendekezo moja ambalo wanachama watalipinga na kamati inapaswa kusimama nalo imara, ni hilo.

Mazalia yanahitaji ulinzi wa jina na alama. Utafiti wa mwaka 1992 kuhusu trauti ulionyesha kwamba kukanyaga viota vya changarawe mara mbili kwa siku katika kipindi chote cha mayai kukua kuliua hadi asilimia 96 ya mayai na vifaranga vilivyokuwa bado chini ya changarawe. Mvuvi anayepita hapo anaweza kuwa mwenye kanuni zote, ndoano yake haina ukucha, samaki wake wote anawaachia, na bado akamaliza kizazi cha mwaka kwa viatu. Spishi nyingine hulinda viota vyao. Dume akivutwa na mshipi, hata akirudishwa baada ya dakika chache, walaji mayai huwa wamekwisha kuingia. Sehemu za kutagia zifungwe kabisa msimu wa kutaga, pamoja na kuvua na kurudisha, pamoja na kupita kwa miguu.

Hapo ndipo kundi la tatu lina hoja kuliko linavyosikilizwa. Kufunga sehemu au msimu ni zana ya kawaida, na kufunga mto mzima kuna wakati wake. Mabwawa mawili ya Mto Elwha, jimbo la Washington, yalipobomolewa kati ya mwaka 2011 na 2014, uvuvi ulisimamishwa kwa miaka mingi ili samaki wachache waliokuwepo wapate kuupanda mto na kuujaza upya. Nanyi mkikuta kwamba samaki wakubwa wanaozaa karibu hawaonekani tena, au kwamba kwa miaka miwili mfululizo hakuna vifaranga wapya, fungeni, na muda wa kufungua upimwe kwa vifaranga watakaoonekana badala ya tarehe iliyopangwa mezani.

Lakini kufunga bila kuwa na macho mtoni kuna hatari yake. Katika Mto Cauvery, kusini mwa India, anaishi mahsiri mwenye nundu, mmoja wa samaki wakubwa wa maji baridi barani Asia, ambaye sasa IUCN imemweka kwenye daraja la walio hatarini zaidi kutoweka. Kwa miaka mingi waliozalishwa vituoni na kumwagwa mtoni ni mahsiri wa aina nyingine, mwenye mapezi ya buluu, na wengi waliona mahsiri ni mahsiri. Kumbukumbu za kambi za wavuvi wa burudani za mwaka 1998 hadi 2012 ndizo zilizowaonyesha watafiti kwamba mwenye nundu alikuwa anaporomoka huku mgeni akijaa. Kisayansi samaki huyo alikuja kutambuliwa kwa jina lake, Tor remadevii, mwaka 2018 tu. Bila madaftari ya wavuvi angeweza kuisha kabla hajajulikana ni nani.

Basi anzeni daftari msimu huu, kabla hamjapiga kura juu ya lolote jingine. Kila mvuvi aandike tarehe, saa aliyoanza na aliyomaliza, joto la maji, spishi, urefu, mahali ndoano iliponasa, na kama samaki alichukuliwa au alirudishwa. Samaki asiyetambulika apigwe picha ya ubavu akiwa majini, ipelekwe kwa mtaalamu wa spishi. Na anayerudi mikono mitupu aandike vilevile, kwa saa zake zote alizokaa, maana bila saa hizo hakuna atakayejua kama samaki 10 wa mwaka huu ni wengi au ni wachache kuliko 10 wa mwaka jana.